Mikono ya Jumamosi

Jumamosi, 25 Februari

Umuganda, kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nimerudi na malengelenge viganjani na mgongo usiotaka kunyooka. Umri wangu ni wa kushika chaki, si wa kushika jembe, lakini huwezi kujifungia ndani wakati mlima mzima uko nje unachimba.

Tatizo ni maji. Tangu barabara ya juu ipanuliwe, mvua yote ya mlima hukusanyika kwenye kalavati moja na kutushukia sisi wa chini, nyumba saba zilizo kati ya barabara na ziwa. Mwaka jana yalimfikia Mzee Nshimiyimana chini ya kitanda. Kwa hiyo Valens, mkuu wa mudugudu, kitongoji chetu, akataka tuchimbe rigoli, mtaro wa kuyageuza kabla masika hayajakaza.

Baada ya kazi tulikaa kwenye nyasi kwa mkutano, kama kawaida.

"Iko njia mbili," Valens akasema. "Ya kwanza inapita mu ndizi za Mwalimu. Ya pili inapita mu shamba ya Mukabera. Tuchague gani?"

Watu walinitazama mimi, kisha wakazitazama ndizi. Mume wangu Sibomana akakohoa. Migomba ile aliipanda mwaka tuliorudi kutoka Bukavu, kwa machipukizi aliyoyabeba kichwani mwenyewe hadi akavuka nayo daraja la mpakani. Kila mtu hapa Nkanka anaijua hadithi hiyo, maana haachi kuisimulia.

Mukabera hakuwapo. Ni Msabato, Jumamosi yuko kanisani, na umuganda wake anaufanya Jumapili pamoja na Wasabato wenzake.

"Mwenye kukubali njia ya Mukabera, ainue mukono."

Mikono ikainuka. Wangu pia. Nilikuwa nimechoka na nilitaka kwenda kuoga.

Jumapili, 26 Februari

Nikitoka misa niliwakuta Wasabato wakichimba kipande cha chini, kando ya barabara ya ziwani. Valens ndiye aliyewapangia. Mukabera alikuwa mbele yao wote, kitenge kimefungwa kiunoni, jembe linapanda na kushuka.

"Mwalimu, mupumuzike tu!" akaniambia akicheka. "Nyinyi mulifanya yenu jana. Sisi tutamaliza."

Hakujua kwamba rigoli ya juu itakutana na hiyo yake kwa kupita katikati ya maharagwe yake. Nilidhani Valens amekwisha kumwambia. Labda Valens naye alidhani nimemwambia mimi.

Jumanne, 28 Februari

Muhula umeanza. Nafundisha maadili kwa wanafunzi wa uuguzi pale Kamembe, darasa lenye bati linalovuja na mimi mwenyewe nikivuja subira. Leo nadharia ya kwanza: tendo jema ni lile lenye matokeo mema kwa wengi zaidi. Wanafunzi wanaipenda hii. Ina hesabu, na hesabu haichoshi moyo.

Nikawapa mfano. Maji yanashuka mlimani. Chini kuna nyumba saba. Kando kuna shamba moja. Mtayapeleka wapi?

"Mu shamba!" darasa zima.

Msichana mmoja hakujibu. Anaitwa Christelle, anavuka kila asubuhi kutoka Bukavu. Akanyoosha kidole kwa adabu zote.

"Madame, huyu mwenye shamba, alikuwako mu reunio?"

Nikamwambia mfano hausemi kama kulikuwa na mkutano. Akaandika kitu kwenye daftari lake, nami nikafuta ubao.

Alhamisi, 2 Machi

Vijana wa Valens wameunganisha vipande viwili vya rigoli. Jioni Mukabera akaja, akasimama mlangoni, akakataa kiti. Yeye naye alikulia ng'ambo, Kadutu ya Bukavu, kwa hiyo Kiswahili ndiyo lugha yetu ya kusalimiana, na sasa naona itakuwa ya kugombana pia.

"Mwalimu, banasema mulinyanyua mikono."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Aliyatazama malengelenge yangu, nami nikayaona ya kwake. Yanafanana.

"Mimi nilichimba ile rigoli, Mwalimu. Kwa hii mikono. Siku yote nilikuwa nasema, babarikiwe benzangu, banalinda manyumba. Na hakuna ata mumoja alinifungulia kinywa."

Nikajificha nyuma ya utaratibu kama tunavyojificha wote. Nikamwambia aende kwa abunzi, wasuluhishi wetu wa kata, apeleke malalamiko.

Akacheka, kicheko kibaya. "Nitashitaki nani? Abunzi bote, kama hakai mu ile manyumba saba, ndugu yake anakaamo. Batanyanyua mikono tena."

Jumamosi, 4 Machi

Mvua.

Jumatatu, 6 Machi

Mvua. Rigoli inafanya kazi. Kwa Mzee Nshimiyimana pakavu kabisa, ametandika hadi godoro sakafuni. Valens anapita na mwavuli wake akipokea pongezi.

Mistari miwili ya maharagwe ya Mukabera imekwenda.

Jumanne, 7 Machi

Nadharia ya pili: wajibu. Kuna mambo hayafanywi hata yakileta faida kwa wote, na la kwanza ni kumtumia mtu kama chombo, kama ndoo au jembe, huku ukisahau kwamba naye ana akili na nia yake. Nimeifundisha nadharia hii miaka mingi, na leo kwa mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito kwenye neno jembe.

Mwanafunzi mmoja akauliza kama kumwomba mtu msamaha baada ya kumtumia kunatosha. Nikasema tutaliona wiki ijayo. Wiki ijayo hakuna chochote kuhusu hilo, nimeangalia.

Jumapili, 12 Machi

Valens anapita kuwashukuru walioinua mikono. Ananiudhi. Anatembea kama mtu aliyeumba maji. Lakini nikimsema, namsema kwa mdomo uleule uliokaa kimya kwenye nyasi.

Jumanne, 14 Machi

Fadhila. Nadharia hii haiulizi nifanye nini, inauliza mimi ni mtu wa namna gani, maana tabia ni mazoea na mazoea ni kazi ya kila siku. Nimefundisha nikiwa nimekaa. Miguu imevimba.

Niliporudi nilipika maharagwe (tuliyonunua sokoni) nikampelekea Mukabera bakuli. Aliyaangalia muda mrefu.

"Aksanti. Ya kwangu iko mu ziwa, samaki banakula."

Jumatano, 15 Machi

Bakuli limerudi. Ndani yake parachichi tatu, zimefutwa zikang'aa. Bakuli la jirani halirudi tupu, hilo tunalijua wote, lakini nilidhani safari hii lingerudi tupu. Niliomba moyoni lirudi tupu. Nimekasirika na sijui nimemkasirikia nani.

Sibomana alikula parachichi moja na chumvi, akasema ni tamu.

Jumatatu, 20 Machi

Mvua tangu alfajiri. Moto wa mkaa haukubali kuwaka, wala mimi.

Jumanne, 21 Machi

Leo mkataba. Nimewaambia wanafunzi: fikirini watu wote wa mlima wamekaa kupanga sheria zao, lakini kila mmoja amefungwa kitambaa machoni hata hajui nyumba yake ni ipi. Anaweza kuwa wa juu, anaweza kuwa wa chini, anaweza kuwa ndiye mwenye shamba. Hapo sheria gani atakubali? Hiyo ndiyo haki.

Wakabishana vizuri hadi mmoja akapanda juu ya benchi. Mwishowe Christelle akanyoosha kile kidole chake cha adabu.

"Madame, kama sijuwe nyumba yangu ni gani, mimi siwezi kuchagua njia moja. Nitaogopa. Nitasema maji igawanyike. Kwetu Bukavu tunakaa mu mulima, tunajua. Maji yote pamoja inavunja nyumba. Maji nusu inapita tu."

Darasa likapiga makofi. Mimi nikatazama dirishani. Njia mbili, alisema Valens, na kati yetu sote walioketi kwenye nyasi hakuna aliyesema: zote mbili. Tuliuliza nani apoteze, na tulipompata tukaridhika, kwa kuwa hakuwa mmoja wetu.

Nusu kwa Mukabera, nusu kwenye migomba ya Sibomana. Rahisi. Nimelifikiria kwenye pikipiki hadi nyumbani, dereva akinitupia matope ya gurudumu la mbele.

Sibomana alikuwa mgombani akiondoa majani makavu, anapiga mluzi. Sikumwambia.

Jumamosi, 25 Machi

Umuganda tena. Mvua ikatutawanya kabla ya mkutano. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Nilishukuru mvua, na ni aibu kuandika hivyo.

Jumamosi, 1 Aprili

Rigoli imejichimba yenyewe. Mwezi wa pili ilikuwa upana wa jembe. Sasa ndama anaweza kulala humo. Inakula upande wa nyumba ya Mukabera, iliyo kando ya shamba.

Jumapili, 9 Aprili

Wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Hakuna masomo. Watu wanaongea chini kwa chini, na mvua nayo imekuwa ya chini kwa chini.

Jumanne, 18 Aprili

Nadharia ya mwisho kwenye mtaala, ile ya kujali. Inasema maadili hayaanzi kwenye kanuni wala kwenye hesabu. Yanaanza kwa mtu mmoja aliye mbele yako, mwenye jina na njaa. Mpango wa masomo umeipa saa moja tu. Wauguzi hawa watakaoosha watu vidonda wamepewa saa moja tu kwa nadharia hiyo. Nilitaka kucheka.

Jioni nilishuka kwa Mukabera nikamkuta akipanga mawe nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na rigoli. Mawe madogo, anayabeba mwenyewe kutoka ziwani. Nikamsaidia kubeba machache.

"Mama Mukabera, unatuchukia?"

Akapumzika kidogo, mkono kiunoni.

"Kuchukia inachokesha, Mwalimu. Mimi nakuambia kintu kimoja tu. Kama mungeniuliza, pengine ningekubali. Manyumba saba, yenye kuwa na batoto, na muzee Nshimiyimana ule wa magoti mabaya. Mimi siko munyama. Pengine ningesema, pitisheni. Lakini sasa siwezi kujua tena kama ningekubali. Ile ndiyo mulinipora. Maharagwe itaota."

Nilipanda mlima nikihesabu nadharia zangu zote tano, na hakuna iliyolisema hilo vizuri kama yeye. Nikajiambia, leo usiku namwambia Sibomana. Nikafika nimechoka. Nikalala.

Jumatatu, 24 Aprili

Mvua. Mawe ya Mukabera yamekwenda.

Jumatano, 26 Aprili

Mvua. Nasahihisha kazi za wanafunzi chini ya taa, wino unatawanyika kwa unyevu. Wote wameandika kwamba binadamu si chombo. Wote wamepata alama nzuri.

Jumamosi, 29 Aprili

Nitaandika taratibu.

Asubuhi tulikuwa juu, kwenye shule ya msingi, tukiondoa matope yaliyoingia madarasani. Umuganda wa kawaida. Mvua ilikuwa imekoma alfajiri baada ya siku tatu, na Valens alikuwa akisema Mungu ni mwema, ndipo tukasikia mlio kutoka chini, si mkubwa, kama mtu aliyemwaga gunia la viazi.

Tukakimbia. Mimi nakimbia vibaya, nilifika wa mwisho. Ukuta wa nyuma wa nyumba ya Mukabera ulikuwa umelala, wote, na bati limeinama juu yake. Pale palipokuwa na kitanda palikuwa na lundo la udongo mbichi. Maji ya rigoli yalikuwa yakipita hapohapo, yametulia, kana kwamba yamefika nyumbani.

Kisha wote wakasema pamoja. Valens aliruka juu ya udongo akaanza kuchimba kwa mikono, bila jembe, akiita, "Mukabera! Weeh, Mukabera!" Sauti yake ilikuwa ya mtoto. Sibomana akaingia upande wa pili. Mimi nilisimama tu. Nilijua kwa hakika yuko chini ya ule udongo, na nilijua aliyemweka humo ni mkono wangu huu, uliotaka kwenda kuoga.

Mzee Nshimiyimana ndiye aliyekumbuka, amefika na fimbo yake akihema. "Muache! Leo ni siku ya posho, Sabato! Yuko mu kanisa!"

Nikakaa chini kwenye matope. Sijui nililia muda gani.

Tulimwona akija kwa barabara ya ziwani, nguo nyeupe, viatu mkononi ili visichafuke. Kuna mtu alikuwa amekwisha kwenda kumwita. Alipita katikati yetu akasimama mbele ya ukuta usiokuwapo. Alitazama palipokuwa na kitanda, akatazama maji, akatutazama sisi na matope yetu.

"Siku ya posho tena," akasema.

Valens alikuwa na damu kwenye kucha. "Mama, utusamehe. Tunafanya reunio sasa hivi. Tutaona namna ya kugeuza maji. Bote tuko hapa."

"Hapana," nikasema. Kila mtu akageuka. Sikuwa nimewahi kusema kwenye mkutano wowote wa mlima huu. "Leo ni Sabato yake. Hakai mkutanoni leo. Kesho."

"Lakini kesho haiko siku ya umuganda, Mwalimu."

"Ni siku ya umuganda wake."

Tumemlaza Mukabera chumbani kwa Shimwa, binti yetu aliye Kigali. Wakati wa chakula cha jioni, yeye akiwa amejilaza, nilimwambia Sibomana kuhusu maji nusu. Nilimwambia pia kwamba nililijua tangu mwezi wa tatu.

Alitafuna polepole. "Unaniambia ao unaniuliza?"

"Nakuuliza."

Akamaliza sahani, akaifuta kwa kipande cha ugali. "Kuna mikungu mbili yenye kukomaa. Nitaikata kwanza."

Jumapili, 30 Aprili

Walikuja wote. Wasabato pia, na majembe. Tulikaa kwenye nyasi zilezile. Nikasimama na kueleza: maji yagawanyike kwenye kalavati, nusu yafuate rigoli ya zamani ikirudishwa mbali na nyumba ya Mukabera, nusu yapite kwenye migomba yetu. Nilisema vibaya, kwa kukwama-kwama, mimi ninayesema kwa mshahara.

"Vizuri sana!" Valens akasema, uso umeng'aa kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Mwenye kukubali, ainue mukono!"

Lo! Mikono ilipanda haraka kuliko mara ya kwanza. Mzee Nshimiyimana aliinua na fimbo. Niliitazama ile mikono ikiwa juu ya migomba yangu, mikono ya watu ninaowapenda. Ndipo nilipojua alichohisi Mukabera. Na mimi nilikuwa nimekaa papo hapo, nimekubali.

Mkono mmoja haukuinuka.

"Mukabera," Valens akasema kwa upole, "ni kwa ajili yako, Mama."

"Najua."

"Basi inua."

"Ile ndizi haiko yangu." Aligeuka kwenye nyasi hadi akamwelekea mume wangu, aliyekuwa ameketi nyuma ya wote, ameinamia panga lake. "Papa Shimwa. Bibi yako amesema. Bote bamenyanyua. Weye mwenyewe, kwa kinywa yako, unakubali?"

Mikono iliyokuwa juu ikaanza kushuka, mmoja mmoja, kama ya watoto waliokutwa jikoni. Sibomana aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilikuwa nimemwuliza mimi, ndani ya nyumba, lakini mbele za watu hakuna aliyemwuliza hadi huyu asiye na ukuta.

"Nakubali, Mama," akasema. "Aksanti kwa kuniuliza."

Mukabera akaitikia kwa kichwa. Mkono hakuinua hata hivyo. Alisimama, akafunga kitenge kiunoni, akachukua jembe, akaenda kwenye mgomba wa kwanza akasubiri Sibomana aje akate mkungu wake.

Tumechimba hadi jioni. Mgongo sina tena.

Jumatatu, 8 Mei

Mvua kubwa. Maji yamepita huku nusu na kule nusu. Yamechukua migomba sita. Sibomana amekaa dirishani anaitazama ikienda na amenisimulia tena jinsi alivyoibeba kichwani. Nimesikiliza hadi mwisho.

Jumanne, 16 Mei

Mtihani. Walinitazama kuona kama nitauliza tofauti za nadharia tano. Niliuliza. Ndivyo mtaala unavyotaka. Christelle alimaliza mapema na kukaa akitazama bati linalovuja.

Ijumaa, 26 Mei

Jua siku nne mfululizo. Masika yamekwisha, nadhani. Mukabera bado yuko chumbani kwa Shimwa, anaamka kabla yangu na kunifagilia ua, nami simwezi.

Leo jioni Valens akaja, kofia mkononi. Kesho ni umuganda, na mlima umependekeza kumjengea Mukabera ukuta wake: matofali yapo, watu wapo, kwa asubuhi moja utakuwa umesimama, naye akirudi kutoka kanisani ataukuta. Zawadi, akasema. Lakini safari hii alikuwa amepita kwanza nyuma ya nyumba, anakoanika mahindi, akamwuliza.

"Amesema nini?"

Valens akajikuna shingo. "Amekataa. Anasema ukuta yake itajengwa siku yenye yeye mwenyewe iko. Anataka kuonyesha fasi ya dirisha."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kesho tunatengeneza barabara kama kawaida. Na Jumapili tunarudi tena, mulima muzima, na majembe." Akahema. "Siku mbili, Mwalimu."

Siku mbili za jembe, moja juu ya nyingine, na mgongo huu. Nimechoka kabla sijaanza. Nitakwenda.